Jumatatu ya Mama Félicité

Ukifika Lweba ukauliza habari za Marthe, mama yake Félicité, watu watakuanzia kwenye kosa lake. Mimi sikubali. Binadamu hana haki ya kuanzwa na kosa lake, hasa kosa ambalo wenye kulitenda walikuwa wamekaa mbali, kwenye viti, wala hawakujua kama kuna mahali panaitwa Lweba. Kwa hiyo nitaanzia kwingine, na asiyetaka kusikiliza na aende zake.

Marthe alizaliwa Lubondja, kwenye mashamba ya mihogo, akaletwa ziwani na mume wake akiwa msichana ambaye mtumbwi alikuwa hajawahi kuugusa. Wanawake wa Lweba walimcheka sana. Akiona wimbi anarudi nyuma kama kuku! Lakini hakukasirika. Alijifunza kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mchangani, kuwageuza kabla jua halijawakausha upande mmoja, kufukuza ndege kwa mdomo huku mikono inafanya kazi. Alizaa watoto, akawazika, akabaki na Félicité peke yake. Kisha ziwa likamchukua na mume, usiku wa upepo, na mwili ukaonekana baadaye upande wa Baraka.

Kitu kimoja hakuna aliyemshinda: maneno. Herufi hakujua hata moja, lakini katekisimo yote aliishika kwa kusikia tu, kutoka mwanzo hadi amina, na Kiswahili cha mapadri alikipenda kama nguo ya siku ya Mungu. Mwenzake akisema “batoto”, yeye anamwambia, “Sema watoto, mama. Padri anasema watoto.” Walimpa jina, Mama Katekisimo. Walikuwa wakimwigiza mchangani, wakimzungushia midomo, na yeye alikuwa anacheka pamoja nao. Kisha anawasahihisha tena.

Siku za juma nazo alizitaja kikanisa, kama tulivyokuwa tukizitaja wote. Siku ya kwanza, ndiyo ile ya kuanza kazi baada ya siku ya Mungu. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, halafu siku ya posho, halafu siku ya Mungu tena. Waungwana wa Baraka, wale Waislamu wenye maduka na malori, walikuwa na majina yao: Jumatatu, Jumanne na mengineyo. Marthe aliyasikia kwa mbali, wakija kununua ndagala. Kwa mawazo yake zilikuwa siku zile zile zilizovaa kanzu. Jumatatu ina tatu ndani yake, si ndiyo? Jumanne ina nne. Nani angemwambia vingine? Na hakuwahi kuuliza, maana hakuna aliyehitaji kujua.

Félicité alikuwa msichana pekee wa darasa la tano. Mwalimu Isidore, mwalimu wa shule ya Lweba, hakuwa mtu wa kumwaga sifa. Angeweza kukufundisha mwaka mzima usijue kama anakupenda au anakuchukia. Lakini siku moja alipita mchangani, akasimama karibu na Marthe, akasema akitazama ziwa, “Mama Félicité, mtoto wako iko na kichwa. Masista wa Bukavu wanatafuta wasichana wa kufundisha wakuwe walimu. Mwaka huu watakuja Baraka kuwachagua. Mi nataka kumupeleka.”

Marthe aliacha ndagala wakaliwa na ndege. Ndiyo, yeye, Marthe! Alikaa chini mchangani akalia, kisha akacheka, kisha akamwambia mwalimu, “Sema kumpeleka, mwalimu. Si kumupeleka.” Isidore mwenyewe alicheka, na watu wanasema hawajawahi kuona meno yake tena baada ya hapo.

Palikuwa na Albert, kaka wa marehemu, baba mkubwa wa Félicité. Usinifanyie Albert mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na mjane wa ndugu yake hakulala na njaa. Lakini kijana mmoja wa Baraka, Roger, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa ameshatuma watu kuulizia Félicité, na Albert aliona hakuna ubaya. Marthe akamwendea, akapiga magoti, akamwambia habari ya masista. Albert alifikiri sana.

“Bon,” akasema. “Masista wakimuchagua, mi siongee neno. Ataenda, nitamubebea sanduku mwenyewe. Wasipomuchagua, tusidanganyane, shemeji. Msichana hawezi kukaa kati ya mulango.”

Marthe akakubali. Hakuogopa, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa anamsikia mtoto wake akisoma kwa sauti, na ile sauti haikukwama popote.

Basi mwaka ule, mwaka wa hamsini na nane, baada ya misa, Mwalimu Isidore akasimama mbele ya watu akiwa ameshika kofia. Akasema bei ya shaba imeanguka huko Ulaya. Serikali imepungukiwa, misheni imepewa kidogo, na misheni nayo imepunguza walimu. Mwalimu wa kijiji kimoja cha mlimani ameachishwa kazi. Tangu sasa yeye Isidore atafundisha vijiji viwili. Lweba watasoma siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku zinazobaki atakuwa mlimani.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza shaba na watoto wa Lweba wanajuana wapi. Marthe akanyanyua mkono wake uliokuwa na bangili ya shaba, ya mama yake mzazi, akasema kwa sauti, “Mwalimu, kama ni shaba yao imeanguka, uwaambie waje wachukue hii yangu, watuachie siku zetu!” Kanisa zima likacheka. Hata katekista alijifunika mdomo. Walicheka kwa kuwa walidhani wamepunguziwa masomo tu. Hawakujua kwamba shule si masomo tu. Shule ni mtu aliyepo. Mgeni akija, kuna mtu wa kumpokea. Barua ikija, kuna mtu wa kuifungua. Neno likija, kuna mtu wa kulisikia sawasawa. Sasa siku hizo za mlimani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba, na mbuzi wamelala barazani.

Félicité hakukubali kupoteza siku. Siku ambazo mwalimu hayupo alikuwa anakaa barazani pamoja na mbuzi wale wale, akiandika kwa kaa kwenye kipande cha ubao. Mama yake alimpelekea muhogo wa kuchoma na kumtazama akila huku anaandika. Siku nyingine alimwomba amsomee, akasikiliza amefumba macho, hata kama ilikuwa Kifaransa asichoelewa hata neno.

Siku moja, nayo ilikuwa siku ya nne, lori la tajiri wa pamba likasimama barabarani, mbele ya shule. Dereva wake alikuwa Amuri, muungwana wa Baraka, mtu wa mizaha. Akapiga honi. Akapiga tena. Mbuzi wakaamka, mtu hakutoka. Félicité siku hiyo alikuwa amekwenda kuteka maji. Amuri akatazama huku na huku, akamwona Marthe mchangani, akamwita.

“Mama, mwalimu yuko wapi?”

“Yuko mlimani. Leo si siku ya Lweba.”

“Shule gani hii ya kupokezana kama mtumbwi wa kukodi?” Amuri akacheka. “Haya, shika neno, mimi nina safari. Wa misheni ya Baraka wamenituma. Mwambie mwalimu, masista wa kuchagua wasichana wanafika Jumatatu. Mtihani asubuhi. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Jumatatu!”

“Jumatatu,” Marthe akaitika, na lori likaondoka.

Alilibeba lile neno kama mtu aliyebeba yai. Hakumwambia mtu njiani. Hata Félicité hakumwambia. Alitaka mwalimu awe wa kwanza kusikia, kwa heshima, ndiyo adabu. Siku ya posho, mwalimu aliporudi amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, Marthe alikuwa anamngoja mlangoni kwake amevaa kitambaa safi kichwani. Na hapa ndipo roho inaponiuma mimi ninayesimulia. Angesema tu vile alivyoambiwa! Angelitoa lile neno na kanzu yake, Isidore angejua, maana Isidore alisoma, alizijua siku za waungwana. Lakini Marthe hakuweza kusimama mbele ya mwalimu wa misheni na kusema neno la duka. Alilisafisha kwanza. Alilivalisha kikanisa.

“Mwalimu,” akasema, “masista wanafika Baraka siku ya tatu. Mtihani ni asubuhi.”

“Siku ya tatu,” Isidore akasema. “Vizuri sana. Tuko na siku ya kwanza na ya pili za kujitayarisha. Aksanti, mama.”

Siku ya kwanza kengele ya shule ililia kama kawaida. Kengele yenyewe ilikuwa chuma cha gurudumu kilichoning'inizwa, na Isidore alikigonga kwa furaha, akakigonga kupita kiasi. Félicité aliketi mbele. Mwalimu alimuuliza hesabu, akajibu. Alimuuliza mito ya Kongo, akaitaja. Wavulana wakampigia makofi. Marthe alisogeza ndagala zake karibu na shule ili asikie, akawa anageuza samaki ambao walikuwa hawajaanza kukauka. Asubuhi ile ile, kule Baraka, masista walikuwa wameketi mezani wanamngoja.

Siku ya pili, jua likiwa kichwani, mashua ya misheni yenye mota ilipita ziwani, ikitokea upande wa Baraka. Ndani yake kulikuwa na vitambaa vyeupe vya masista, na wasichana wawili watatu wamekaa juu ya masanduku yao. Marthe akaingia majini mpaka magotini, yeye aliyeogopa maji, akawapungia mkono wote mzima. Sista mmoja akampungia naye. Marthe akakimbia shuleni kumwambia mwalimu.

“Wanazunguka misheni za pwani,” Isidore akasema. “Kesho watakuwa Baraka.”

Na Marthe akaamini, kwa sababu kwa nini asiamini?

Siku ya tatu walitoka mapema, watatu wao: mwalimu mbele, Félicité katikati na gauni jeupe lililoshonwa kutokana na shuka, Marthe nyuma na viatu vya mtoto mkononi ili visichafuke. Njia nzima Félicité alikuwa anasoma kwa midomo bila sauti. Walipokaribia misheni Marthe akamnawisha miguu kwenye kijito, akamvalisha viatu, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso kama bibi yake alivyokuwa anafanya Lubondja. Félicité akajifuta haraka kwa aibu, mwalimu asione.

Uwanja wa misheni ulikuwa mtupu. Suzanne, mwanamke aliyekuwa anapikia masista kila wakija, alikuwa anaanua mashuka kwenye kamba. Akawaona, akaweka mikono kiunoni.

“Mwalimu Isidore! Mulikuwa wapi nyie?”

“Tumekuja kwa mtihani.”

“Mtihani gani? Ilikuwa siku ya kwanza! Masista walimwita huyu mtoto kwa jina, mi nilisikia na masikio yangu. Félicité wa Lweba, Félicité wa Lweba. Walingoja mpaka chakula kikapoa. Jana wameenda, na wasichana waliochaguliwa wameenda nao.”

Isidore hakuelewa. “Sisi tuliambiwa siku ya tatu.”

“Aka! Nani aliwaambia? Mi mwenyewe nilimutuma Amuri. Nilimwambia Jumatatu, kwa luga yake, asisahau!”

Hapo Isidore akageuka polepole. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa afadhali awe nayo.

“Mama Félicité. Amuri alisema siku ya tatu, ao alisema Jumatatu?”

Marthe alimtazama, akamtazama Suzanne, akamtazama mwalimu tena.

“Si ni kimoja?” akasema.

Suzanne alikishika kinywa chake na kona ya shuka. Mwisho ni Félicité aliyesema, kwa sauti ya chini, kama anajibu swali darasani, “Hapana, mama. Jumatatu ni siku ya kwanza. Waungwana wanaanza kuhesabu siku ya posho.”

Mtoto alikuwa anajua! Mtoto alilala nyumba moja na lile neno usiku baada ya usiku, na angeulizwa angelifungua. Marthe aliinama, akaanza kuvifungua vile viatu miguuni mwa binti yake, kama kwamba vikitoka mapema siku ingeweza kurudi nyuma. Félicité akamshika mabega. “Acha, mama. Acha tu.” Lakini hakuacha.

Isidore alikwenda kwa Padri. Walimsikia kupitia dirishani akisema, akisema tena, mtu yule asiyependa maneno. Padri alijibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa, na shaba ni hiyo hiyo, mwaka ujao labda. Mwalimu alipotoka alimwambia Marthe, “Kosa ni langu. Ningalikuwa shuleni, Amuri angeniambia mimi.” Na hiyo ndiyo kweli yenyewe, na mimi nitaisema mpaka nife. Juma lilikatwa vipande viwili na watu wasiomjua, na neno likaanguka katikati. Lakini nenda umwambie mama hivyo! Marthe alitikisa kichwa njia nzima ya kurudi.

Mwaka uliofuata haukuleta kitu. Darasa la tano la Lweba lilifungwa, ili mwalimu aweze kugawanyika vizuri zaidi. Félicité alirudi barazani kwa muda na ubao wake, kisha siku moja ubao ukaonekana jikoni umefunikia chungu. Albert alingoja. Namwambia tena kila anayesikia, Albert alingoja kuliko alivyolazimika. Kisha akaja akakaa, akasema kwa taratibu, “Shemeji, tulisemezana.” Marthe akasema ndiyo, tulisemezana.

Kitu kingine kilikuwa kimebadilika. Wanawake mchangani walisema “batoto”, wakasema “banamuke”, wakaharibu maneno makusudi mbele yake ili awasahihishe kama zamani, wapate kucheka pamoja naye. Marthe aliendelea kugeuza ndagala. Hakumsahihisha mtu tena. Jina la Mama Katekisimo likafa lenyewe, na hakuna aliyethubutu kuliamsha.

Asubuhi moja lori la Amuri likasimama. Safari hii hakupiga honi. Alishuka kabisa, akavua kofia, kwa kuwa naye alikuwa amesikia yaliyotokea na hakuwahi kufanya mzaha Lweba tangu siku ile. Félicité alikuwa anafagia uwanja. Marthe alikuwa anapepeta unga.

“Mama Félicité,” Amuri akasema, “nimetumwa na baba yake Roger. Wanakuja kuleta mahari. Wanakuja…” Akaizungusha kofia mikononi. “Wanakuja Jumatatu.”

Ungo ukasimama mikononi mwa Marthe. Félicité aliacha kufagia. Alimtazama mama yake, na usoni mwake hamkuwa na lawama hata chembe. Marthe alitafuta lawama hiyo kwa hamu, angeipokea kama dawa, na hakuiona.

“Mama,” Félicité akasema, “ni siku ya kwanza. Umwambie baba mkubwa siku ya kwanza, wasije wakakuta hatujapika.”

Akaendelea kufagia. Marthe akaweka ungo chini, akajifunga kitambaa, akaenda kwa Albert. Njia ni fupi, na siku hiyo aliitembea kama mgonjwa. Baadaye, akiwa mzee sana, alikuja kusema kwamba alikuwa na neno lile lingine mdomoni, tayari, tamu kama asali. Siku ya tatu. Angelisema, wageni wangekuta nyumba baridi, wangekasirika na kurudi Baraka, na nani angeshangaa? Kila mtu angesema, huyo Marthe tena, hajui siku. Kosa lile lile lililomwangamiza mtoto lingemwokoa. Alisimama mbele ya Albert akafungua mdomo.

“Wanakuja siku ya kwanza,” akasema.

Kwa kuwa mtoto alikuwa amemweleza vizuri, na Marthe hakuweza kumwonyesha mtoto wake kwamba hata baada ya yote yale alikuwa hajajifunza.

Walikuja hiyo siku ya kwanza, na mbuzi wao na vitenge vyao, wakakuta ugali unatoka moto. Asubuhi ya siku hiyo, wageni hawajafika, wakati Marthe na wanawake wenzake wanamsuka Félicité mkekani, Isidore aligonga kengele, kwa maana siku ya kwanza ilikuwa bado siku ya Lweba. Félicité akanyanyuka haraka, nywele nusu zimesukwa, akafika mpaka mlangoni. Alisimama pale kidogo. Kisha akarudi, akakaa katikati ya miguu ya mama yake, akainamisha kichwa ili Marthe amalizie upande uliobaki.